Kambi ya Eastleigh: Tusiisome kwa Siku Moja

Mwulize mwanafunzi wa Dandora kambi ya wanahewa iliyo jirani na mtaa wake inajulikana kwa lipi. Iwapo anajua lolote, atataja Agosti 1, 1982. Jibu hilo si kosa. Kasoro yake ni kuwa linaibana historia ndefu katika siku moja, na kumwachia kijana uvumi badala ya elimu.

Kabla ya 1958, Eastleigh ndiyo iliyokuwa lango la Nairobi kwa wasafiri wa ndege. Februari 1952, Bintimfalme Elizabeth wa Uingereza alishukia hapo. Oktoba mwaka uo huo, hali ya hatari ilipotangazwa, ndege za uchukuzi zilitua hapo zikiwa na wanajeshi wa Lancashire Fusiliers kutoka Misri, waliokuja kuwakabili wapiganaji wa Mau Mau. Baadaye wasafiri wa kiraia walihamia Embakasi, uwanja uliojengwa kwa jasho la mahabusu wa Mau Mau, na Eastleigh ikabaki mikononi mwa wanajeshi. Hata hivyo, mwaka wa 1961 nchi ilipokumbwa na njaa na mafuriko, ndege kubwa za Beverley ziliruka kutoka kambi iyo hiyo kuwadondoshea wananchi chakula.

Tuzingatie jambo hilo. Katika muda usiotimia miaka kumi, njia moja ya ndege ilipitisha bunduki na ikapitisha unga. Ndege ya uchukuzi haichagui shehena. Anayechagua ni mwenye amri. Hili ndilo somo kuu la kambi hii.

Jeshi la Wanahewa la Kenya lilipoundwa Juni 1, 1964, lilirithi Eastleigh. Miongoni mwa ndege zake za mwanzo zilikuwamo Caribou kutoka Kanada, zilizoweza kutua katika viwanja vifupi vya udongo. Katika nchi ambayo kaskazini yake ilikuwa na barabara chache mno, huo haukuwa uwezo mdogo.

Kisha ikaja 1982. Jaribio la mapinduzi lililoongozwa na Hezekiah Ochuka lilizimwa, watu wengi wakiwa wamepoteza maisha. Ochuka mwenyewe alitorokea Tanzania kwa ndege ya uchukuzi ya jeshi. Alirejeshwa na kunyongwa mwaka wa 1987. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Jeshi lenyewe lilivunjwa, na lililochukua nafasi yake likapewa jina la '82 Air Force. Jina la awali lilirejeshwa mwaka wa 1994. Kambi nayo ikaja kuitwa Moi Air Base.

Kwa mwanaisimu, hapa pana funzo. Wahenga walisema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Jina lile lenye tarakimu liliigeuza methali hiyo kuwa sera: kila mwanahewa, hata aliyejiunga baadaye, alivaa mwaka wa aibu ambayo huenda hakuishiriki. Lakini kufuta jina si kufuta tukio, wala kulitundika tukio katika jina si kulieleza. Watu wa Eastlands wangali wanapaita Eastleigh.

Wanahewa wana kumbukumbu nyingine pia. Aprili 10, 2006, ndege yao ya uchukuzi ilianguka Marsabit na kuwaua watu 14, wakiwamo wabunge waliokuwa safarini kuwapatanisha wananchi. Shehena ya siku hiyo ilikuwa amani. Ni wanafunzi wangapi wanaoikumbuka?

Basi mwalimu wa historia wa Dandora asiridhike na kutaja Agosti 1. Awaulize wanafunzi wake: katika kila kipindi, ndege hizi zilibeba nini, kwa amri ya nani, na kwa faida ya nani? Mwananchi asiyejua kuuliza maswali hayo kuhusu kambi iliyo jirani naye atawezaje kuyauliza kuhusu serikali yake?