Darasani tunza mti, asubuhi leta kuni: mtoto afuate lipi?

Msikilizaji wetu, katika shule nyingi za msingi vijijini mtoto anafundishwa kwamba miti hushika udongo na hulinda vyanzo vya maji. Kesho yake anaambiwa aje na kuni za kupikia uji. Mtoto huyo ameshapewa masomo mawili, na la pili ndilo analoliona kwa macho.

Kwenye karatasi mambo yamepangwa. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 una somo la Jiografia na Mazingira. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 nazo zimeagizwa ziache kuni na mkaa.

Ugumu uko kwenye fedha. Elimu ni bila ada, lakini chakula cha shuleni kinategemea michango ya wazazi. Mahindi anayo shambani na kuni zinaokotwa. Gesi inataka fedha taslimu. Ndiyo maana agizo linafika na kuni zinaendelea kuja.

Lakini kungoja gesi si sababu ya kukaa bure. Kuni mbichi zina maji ndani, na moto hupoteza joto kwa kuyakausha kabla ya kuchemsha sufuria. Moshi unakuwa mwingi na uji unachelewa. Mafiga matatu nayo huacha joto lipotee pembeni. Jiko banifu hulielekeza kwenye sufuria. Hiyo ni sayansi. Darasa la tano wanaweza kupima kuni kwa mizani ya nafaka wiki moja kabla ya jiko banifu na wiki moja baada yake, kisha wakawasomea wazazi hesabu.

Faida haiishii kwenye miti. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa kupikia majumbani ulihusika na vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, vikiwemo vya watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya miaka mitano. Mpishi wa shule anauvuta moshi huohuo kila siku.

Kuhusu upandaji miti, tumezoea kuhesabu miche siku ya kupanda, mgeni rasmi akiwepo. Shule inafungwa Juni, kiangazi kimeingia, na hakuna wa kumwagilia. Hesabu ya maana ni ya miche iliyo hai baada ya mwaka mmoja. Kaya jirani zikigawiwa miche michache kila moja, likizo haitaiua.

Kwa hiyo kwenye mkutano ujao wa wazazi, tuulize mambo matatu: shule yetu inachoma kuni kiasi gani kwa wiki, jiko banifu litagharimu shilingi ngapi, na miche ya mwaka jana imebaki mingapi? Majibu yakikosekana, wapewe watoto kazi ya kuyatafuta.