Gari Halivuti: Pima Kwanza, Ndipo Ununue

Gari likianza kuvuta na kuachia, kuvuta na kuachia, kila unapokanyaga mafuta, washauri hujitokeza kabla boneti haijafunguliwa. Karibu wote watakutuma duka la spea.

Wa kwanza atasema plagi. Sikatai: plagi na koili zilizochoka huleta misi, hasa mzigo ukizidi. Lakini misi hushtua, gari hutikisika. Gari lililotulia kwenye sailensa, likaenda vizuri mjini, kisha likaishiwa pumzi taratibu katikati ya mlima Kitonga, lina dalili za njaa ya petroli. Plagi mpya hazitalishibisha.

“Pampu ni nzima, mbona gari linawaka?” Hii ndiyo kauli inayoniudhi zaidi. Kuwaka hakuhitaji petroli nyingi. Injini nyingi zenye noozeli kwenye manifodi hutaka presha ya takriban baa 3, na pampu dhaifu huweza kuifikisha gari likiwa limesimama, kisha ikazidiwa mlimani. Fundi anayejua kazi huunganisha geji kwenye njia ya mafuta kwa mpira mrefu, akaiegesha nje ya kioo cha mbele, akaliendesha gari huku anaitazama. Presha ikishuka, bado asinunue pampu. Apime volti zinazoifikia, kwani waya uliooza huidhoofisha hata pampu mpya, na filta iliyoziba hutoa dalili ileile.

Mwenye mashine ya kusoma kodi naye atatangaza: “P0171, sensa ya oksijeni imekufa.” Kodi hiyo haisemi hivyo. Inasema hewa imezidi petroli, wakati mchanganyiko unaotakiwa ni kama sehemu 14.7 za hewa kwa 1 ya petroli kwa uzito. Sensa iliyotoa taarifa huenda ndiyo nzima kuliko vyote. Mashine hiyohiyo huonyesha kompyuta inaongeza petroli kwa asilimia ngapi: nyongeza ikiwa kubwa kwenye sailensa na kupungua resi zikifika 2,500, tafuta mpira wa hewa uliopasuka, ikikua kadiri mzigo unavyoongezeka, shuku pampu, filta au sensa ya hewa iliyochafuka.

“Toa masega, nguvu zitarudi.” Zitarudi kweli, kama masega ya ekzosi yameziba. Ila mara nyingi masega huuawa na misi: petroli isiyoungua huwakia ndani yake na kuyayeyusha. Ukiyatoa na kuiacha misi, ugonjwa unabaki. Kuziba nako hupimwa, kwa kufunga geji ya presha kwenye tundu la sensa ya oksijeni ya mbele. Na uliza masega yaliyotolewa yanaenda wapi. Yana platinamu na paladi, na ushauri huo hauji bure.

Petroli ya oktani ya juu? Oktani huzuia injini kugonga, haiongezi nguvu kwenye injini isiyoihitaji.

Wengine husema injini imekwisha kwa kuwa gari lililokuwa jepesi Dar limekuwa zito Mbeya. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda kutoka usawa wa bahari, na Mbeya iko juu ya mita 1,600. Tazama pia mshale wa resi: ukipanda huku mwendo umebaki palepale, acha injini, kagua klachi, au oili ya giaboksi kama gari ni otomatiki.