Gesi ipimwe kama mkaa, watu wataipokea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji ili nami nitoe maoni yangu juu ya mabishano yaliyozagaa siku hizi kuhusu majiko ya gesi na ya umeme. Mabishano haya yapo dukani, vilabuni, kwenye daladala na hata katika vyumba vya walimu. Upande mmoja unasema kwamba mwananchi anayeng'ang'ania mafiga na mkaa ni mkaidi asiyependa maendeleo. Upande wa pili unasema kwamba gesi ni ya matajiri, inalipuka, na chakula chake hakina ladha. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinakosea, lakini ule wa kwanza unakosea zaidi, kwa sababu ndio wenye uwezo wa kurekebisha mambo na badala yake unatoa lawama.

Kwanza nieleze jambo lenyewe. Tarehe 8 Mei, 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikisha Watanzania asilimia 80 kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Kabla ya hapo taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku zilikuwa zimeagizwa kuacha kuni na mkaa ifikapo Januari 2024. Tarehe 14 Mei mwaka huo huo Rais wetu alikuwa mmoja wa wenyeviti wa mkutano wa Paris uliozungumzia nishati ya kupikia katika Afrika.

Lengo hili ni jema na sina ugomvi nalo. Takwimu za Serikali zinataja watu wapatao 33,000 wanaokufa nchini kila mwaka kwa magonjwa yanayotokana na moshi wa jikoni, na zaidi ya hekta 400,000 za misitu zinazopotea. Sisi wa mkoa wa Dodoma hatuhitaji kuhubiriwa sana juu ya miti. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, ulianza mwaka 1973 kwa sababu ardhi ilikuwa inakwisha, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo la Kondoa lililomomonyoka. Mkoa uliopitia hayo unajua gharama ya kilima kisicho na mti.

Basi kama hasara inajulikana hivyo, kwa nini mkaa bado unaingia mjini kwa baiskeli na pikipiki kila alfajiri? Hapa ndipo wenzetu wanapokimbilia neno "ukaidi". Mimi nasema tuchukue karatasi na kalamu tupige hesabu.

Tuseme mama mmoja anapikia familia yake kwa mkaa wa shilingi 1,000 kila siku. Kwa mwezi wa siku 30 atakuwa ametumia shilingi 30,000. Kujaza mtungi mdogo wa kilo 6 kunagharimu zaidi ya shilingi 20,000, tuseme 24,000. Ikiwa mtungi huo utamfikisha mwezi, amelipa shilingi 800 kwa siku. Kwa hesabu hiyo gesi ni nafuu. Mwanafunzi wa darasa la tano anaweza kuikokotoa na kupata jibu sahihi.

Lakini mama huyo hana shilingi 24,000. Anazo 1,000 za leo, na za kesho atazipata kesho akiuza karanga au vitumbua. Muuza mkaa anamkubali na elfu yake. Muuza gesi hamkubali. Kwa hiyo ananunua kilicho ghali kwa sababu ndicho kinachouzwa kidogo kidogo. Chumvi, mafuta ya kula, sabuni, sukari, vyote mtu wa kipato kidogo hununua kwa vipimo vidogo, na kwa mwaka mzima hulipa zaidi kuliko mwenye gunia. Huo ni umaskini, si ukaidi, na hautibiwi kwa hotuba.

Wanaosema kwamba mwananchi wa kijijini haipendi teknolojia mpya naomba watazame simu ya mkononi. Ni nani aliyefanya mkutano wa hadhara kuwashawishi wafugaji wa Bahi au wakulima wa Chamwino wanunue simu? Hakuna. Vocha ziliuzwa kwa shilingi 500, na hiyo ilitosha. M-Pesa ilipoanza hapa Tanzania mwaka 2008, bibi asiyewahi kuingia benki alijifunza kupokea fedha kutoka kwa mwanawe aliyeko Dar es Salaam. Hali kadhalika mita za LUKU, yaani Lipa Umeme Kadri Utumiavyo. Mtu ananunua uniti chache kwa fedha aliyo nayo, hadaiwi, na hakatiwi nguzoni.

Tena kuchelewa kupokea vitu vipya si tabia ya wanavijiji peke yao. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini sisi wa Bara tulikaa bila televisheni hadi mwaka 1994. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Viongozi wa wakati ule walikuwa na hesabu zao za fedha za kigeni na vipaumbele vya Taifa. Ikiwa tunakubali kwamba Serikali inaweza kukataa chombo kipya kwa sababu za hesabu, kwa nini mama wa Kikuyu asiruhusiwe kuwa na hesabu zake?

Na kumbukumbu nayo ina kazi yake. Hapa hapa mkoani kwetu, Kongwa, mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta na mitambo mikubwa kulima karanga. Kila kitu kilikuwa kipya, isipokuwa udongo na mvua. Udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji, mvua haikufuata mipango ya London, na mwaka 1951 mpango ukaachwa baada ya kuteketeza mamilioni ya pauni. Wenyeji waliendelea na uwele na mtama, mazao yanayovumilia ukame. Watu wenye historia hiyo wanapoletewa kitu kipya huuliza maswali kwanza. Swali si uasi.

Sasa nije kwa upande wa pili, wale wanaoipinga gesi kabisa. Hoja zao nyingine ni za kweli na nyingine si za kweli, na yafaa tuzitenganishe.

Wanasema gesi inalipuka. Ni kweli kwamba inaweza kuua, lakini ina kanuni zake. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutulia chini sakafuni. Imetiwa harufu kali makusudi ili uijue. Ukiisikia harufu hiyo usiwashe kiberiti wala taa. Funga mtungi, fungua mlango na madirisha, toka nje. Mpira wa kupitisha gesi ukichakaa ubadilishwe. Mkaa nao huua kimya kimya, kwani anayelala na jiko la mkaa chumba kimefungwa anaweza asiamke. Hatari hiyo tumeizoea, kwa hiyo hatuihesabu.

Wanasema chakula cha gesi hakina ladha. Hapa naona mazoea tu. Moto huivisha kwa joto lake, na moshi ni uchafu unaoingia kifuani mwa mpishi. Asiyeamini apikiwe mlenda kwenye majiko mawili bila kuambiwa upi ni upi.

Lakini wanasema pia kwamba jiko dogo la gesi haliwezi kusongea ugali wa watu wanane. Hoja hii ni ya kweli kabisa, na nashangaa kwamba haisikiki katika semina. Jiko linalofungwa juu ya mtungi wa kilo 6 ni jembamba na liko juu. Ugali wa uwele husongwa kwa nguvu za mikono miwili. Kwenye mafiga sungusia limekaa chini, mpishi amekaa kwenye kigoda na amelidhibiti. Kwenye mtungi sufuria kubwa huyumba, na watoto wako karibu. Mama anayekataa kusonga ugali juu ya chombo hicho hakatai maendeleo, anakataa kuunguza watoto wake. Jiko hilo linafaa chai na mayai, na ndiyo maana katika nyumba nyingi linabaki la chai huku ugali na maharage yakirudi kwenye mkaa.

Wapo pia wanaouliza, mbona tuna gesi yetu wenyewe na bado bei ni kubwa? Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na ya Mnazi Bay mwaka 1982. Hiyo ni methani. Husafirishwa kwa bomba na kwa sehemu kubwa huzalisha umeme. Gesi ya mitungi ni propani na butani, nayo huagizwa kutoka nje kwa meli. Kwa hiyo bei yake hupanda na kushuka kwa bei ya dunia, kwa thamani ya dola, na kwa nauli ya lori hadi kufika Dodoma. Wauzaji na viongozi wangelieleza jambo hili waziwazi, watu wasingehisi kwamba wanadanganywa.

Kwa umeme mambo ni hayo hayo ya hesabu. Kwa bei zilizoanza kutumika Aprili 2016, mtumiaji mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi alitozwa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, na akizidi hapo uniti za ziada zilikuwa shilingi 350. Mtu aliyeshika kanuni hiyo huogopa jiko la umeme, na ana haki. Jiko la koili la wati 1,000 hula uniti nzima kwa saa moja. Lakini sufuria ya presha ya umeme huivisha maharage kwa chini ya uniti moja. Anayetumia uniti moja kwa siku ametumia 30 kwa mwezi, na mwenye taa chache na redio bado yuko chini ya 75. Je, nani amemwelewesha mwananchi tofauti ya vyombo hivi viwili? Aliyemwuzia dukani anajua bei ya chombo tu.

Ndugu Mhariri, mtu asiseme kwamba nalaumu bila kupendekeza. Napendekeza mambo manne.

La kwanza, gesi iuzwe kwa kipimo cha mnunuzi. Sisemi watu wachotewe gesi kutoka mtungi hadi mtungi, maana hiyo ni hatari kubwa. Nasema mita. Kampuni ya KopaGas ilianza hapa hapa Tanzania na mita inayofungwa kwenye mtungi, mteja akilipa kidogo kidogo kwa simu, na mwaka 2020 teknolojia yake ilinunuliwa na kampuni ya nje. Ruzuku inayotolewa kwenye mitungi na itazame mita hizo pia, zifike mikoani. Mtungi wa bure ukiisha gesi hugeuka kigoda.

La pili, SIDO na vyuo vya VETA watengeneze jiko la gesi la chuma, fupi na pana, la kusongea ugali wa familia kubwa. Wapishi waitwe walijaribu kabla halijapelekwa sokoni.

La tatu, elimu itolewe kwa vikundi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Walisikiliza, wakajadiliana, wakaamua wenyewe, kisha wakachimba vyoo. Hawakuitwa wakaidi. Na katika vikundi hivyo wanaume wawepo, maana katika nyumba nyingi anayepika si yeye anayeshika fedha. Baba husema kuni ni za bure kwa sababu hajawahi kuhesabu saa anazotumia mkewe kuzitafuta.

La nne, na hili nalisema kama mwalimu, tuanze na majiko ya shule. Shule nyingi za vijijini bado hupika uji na makande kwa kuni, na kuni hizo huletwa na wazazi au na watoto wenyewe. Mzigo huo huwaangukia zaidi wasichana. Mtoto aliyepita porini kabla ya kufika shuleni anafika amechoka, na kipindi cha kwanza cha hisabati kimempita. Agizo la kuacha kuni likija bila fedha za jiko, mwalimu mkuu ana njia mbili tu, ama kuvunja agizo au kufuta uji. Kufuta uji ni kufuta mahudhurio. Halmashauri na zitenge fungu la majiko hayo katika bajeti, kama zinavyotenga la madawati.

Mwaka 2034 hauko mbali. Mtoto anayeanza darasa la kwanza mwaka 2027 atakuwa bado hajamaliza sekondari. Muda uliobaki tuutumie kupima gesi kwa kipimo cha mwenye elfu moja, na lile neno "ukaidi" tuliache.

Ndimi katika ujenzi wa Taifa,
Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kikuyu, Dodoma.