Tuache kulilia chama, tudai orodha

Vijana wa Kitui na Makueni,

Uchaguzi ukikaribia utasikia wimbo uleule: "Waislamu huku ni wachache, tuanzishe chama chetu." Tusidanganyane. Kifungu cha 91 cha Katiba kinakataza chama kujengwa kwa msingi wa dini, kabila au eneo. Hata kabla ya Katiba hii, mwaka 1992 serikali ya Moi ilikataa kuisajili IPK. Mombasa ikachafuka, Sheikh Khalid Balala akatiwa ndani.

Haya, tuseme tungesajiliwa. Tazama Ugiriki. Waturuki wachache wa Thrace Magharibi wana chama chao kidogo, cha Urafiki, Usawa na Amani. Kilianzishwa 1991 na Dkt. Sadık Ahmet, aliyefungwa 1990 kwa kuwaita watu wake Waturuki. Uchaguzi wa Bunge la Ulaya 2014, chama hicho kiliongoza Xanthi na Rhodope. Kilipata kiti? Wapi! Sheria inataka asilimia 3 ya kura za nchi nzima, na wao hawakufikisha hata asilimia 1. Chama wanacho, kiti hawana.

Sisi tuna mlango ambao hata kuubisha hatuubishi. Kifungu cha 177 kinataka bunge la kaunti liwe na wawakilishi wa makundi yaliyotengwa. Kifungu cha 260 kinasema hao ni watu waliobaguliwa kwa sababu zilizotajwa kifungu cha 27, na humo dini imo, mavazi yamo. Viti hivyo hugawiwa vyama kulingana na wadi walizoshinda: Kitui zipo 40, Makueni 30. Kila chama hupeleka orodha ya majina IEBC kabla ya siku ya kura. Kama jina letu halimo, kelele za baada ya matokeo ni bure.

Sasa mgombea akija msikitini na mchele wa Ramadhani, muulize mbele ya watu: "Kwenye orodha ya chama chako, sisi tuko nambari ngapi?"

Na asikuambie kura zetu hazina uzito. Ukambani si shamba la chama kimoja. 2013 Makueni ilimpa Kivutha Kibwana ugavana kwa tiketi ya Muungano. 2017 Kitui ikamchagua Charity Ngilu wa NARC. Kwenye wadi, kura za msikiti mmoja zinaweza kumpandisha MCA au kumwangusha.

Kazi ni hii: jiandikisheni kupiga kura. Andikeni visa vya ubaguzi, dada aliyekatazwa hijabu, kijana aliyezungushwa kitambulisho, pamoja na tarehe, mahali na mashahidi, maana bila ushahidi hatuwezi kujiita kundi lililotengwa. Kisha pelekeni madai kwa vyama kwa maandishi, mapema, wala si wiki ya mwisho.

Agosti 2027 si mbali. Mchele utaliwa siku mbili uishe. Kiti ni miaka mitano.