HD kwenye katoni haitoshi: familia zijue zinanunua tele gani

GOMA – Mama mmoja aliyekimbia vita huko Masisi, na ambaye sasa anaishi kwa ndugu yake Goma, aliweka pesa kidogo kidogo kwa miezi mingi ili anunue tele. Watoto walitaka mpira. Yeye alitaka habari za kule alikotoka. Kwenye katoni iliandikwa HD Ready, na muuzaji akamwambia: « Mama, hii ni ya kisasa. » Walipofunga antena nyumbani, hakuna chaneli hata moja iliyoonekana.

Tele hiyo haikuwa mbovu. HD inahusu usafi wa picha tu. HD Ready maana yake ni kwamba kioo kiko tayari kuonesha picha safi ikiletewa na kifaa kingine, kama dekoda. Full HD ni kioo chenye nukta 1920 kwa 1080. 4K ina nukta mara nne ya hizo. Lakini hakuna hata neno moja kati ya hayo linalosema kama tele inashika matangazo ya TNT.

Neno linalosema hivyo ni lingine, na mara nyingi limeandikwa kwa herufi ndogo: DVB-T2. Mwaka 2006, huko Geneva, nchi za Afrika na Ulaya zilikubaliana kuacha matangazo ya analojia, na tarehe 17 Juni 2015 ikawekwa kuwa mwisho kwa nchi nyingi. Nchi za SADC, Kongo ikiwemo, zikachagua mtindo wa DVB-T2. Hiyo 2 ya mwisho ina maana kubwa: tele yenye DVB-T peke yake haisomi T2. Na DVB-S2 ni ya parabole, si ya antena ya kawaida.

Wauzaji husema wateja wanauliza bei na ukubwa wa kioo tu. Ni kweli. Lakini anayejua ndiye anayepaswa kumwambia asiyejua, hasa pale mnunuzi ni mtu aliyepoteza shamba na nyumba. Kumuuzia herufi asizozielewa ni kumpokonya mara ya pili. Kila duka liwashe tele na kutafuta chaneli mbele ya mteja kabla ya kupokea pesa. Redio za jamii nazo zieleze maneno haya kwa Kiswahili, kwa sababu katoni zimeandikwa Kifaransa na Kiingereza.

Kwa aliyekwisha kununua, pesa haijapotea yote. Dekoda ya T2 ikifungwa kwa waya wa HDMI, tele ileile itaonesha. Hata tele ya zamani yenye mgongo mkubwa inaweza kutumika kwa waya wa rangi tatu, ila picha haitakuwa HD. Na picha ikianza kukatika vipande vipande kisha inasimama, mara nyingi mawimbi ndiyo hafifu: geuza antena kwanza kabla ya kulaumu tele.

Familia iliyo mbali na kwao haihitaji nukta nyingi. Inahitaji habari zifike. Kabla ya kulipa, iulize kwanza: « Hii ina T2? Niwashie nione. »