Kiongozi na Wakati Wake: Lipi Litangulie?



Wapendwa Taifa la Mungu, juma hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi juu ya matumizi ya wakati, hususan kwa sisi tuliokabidhiwa uongozi: wenyeviti wa jumuiya ndogo ndogo, makatekista, wajumbe wa halmashauri ya walei, viongozi wa vyama vya msingi, na mapadre pia. Kilio chetu ni kimoja: muda hautoshi. Lakini twaamini kwamba tunachopungukiwa zaidi si muda, bali hekima ya kujua lipi litangulie.

Historia ya Urambo yenyewe yatufundisha. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga, kwa kuwa mafuta ya kula yalikuwa haba baada ya Vita Kuu ya Pili. Urambo ilichaguliwa pamoja na Kongwa na Nachingwea. Matrekta yaliletwa, mapori yakafyekwa, watu wakahangaika usiku na mchana. Lakini lililopaswa kutangulia, yaani kuuchunguza vema udongo na mvua, halikupewa nafasi yake kwa sababu ya haraka. Mwaka 1951 mpango ule uliachwa, na zaidi ya pauni milioni 30 zilikuwa zimepotea. Hawakushindwa kwa uvivu. Walifanya kazi nyingi, ila ya kwanza waliiruka.

Ardhi ile baadaye iligeukia tumbaku, na mkulima wa tumbaku analijua vema somo hili. Hahamishi miche kabla ya mvua, wala hauachi moto wa bani uzimike kwa kuwa ameitwa kikaoni. Mbona basi sisi viongozi twaiacha mioto yetu izimike? Twajadili michango kwa saa tatu, na jirani mgonjwa hajatembelewa tangu Kwaresima. Twarudi nyumbani watoto wamekwisha lala, na sala tumeiahirisha hadi kesho.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, wajane fulani walisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakujitwisha kazi ile wenyewe, wala hawakukipuuza kilio cha wajane. Waliiita jumuiya, wakateuliwa watu saba waaminifu, nao Mitume wakabaki na sala na huduma ya Neno. Kwa hiyo wajane wakahudumiwa, na Neno likaenea.

Kwa msingi huo, ni maoni yetu kwamba muumini mmoja asivae kofia tatu au nne katika parokia. Mshika mawili moja humponyoka. Wapo watakaosema kwamba hakuna mwingine awezaye. Lakini huyo mwingine atajulikanaje, ikiwa kiti hakiachwi wazi hata siku moja? Mtumishi wa Mungu Mwalimu Julius Nyerere, aliyewahi kufundisha katika Shule ya Mtakatifu Maria hapa Tabora, alijiuzulu uwaziri mkuu Januari 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru, ili akaimarishe chama chake. Nafasi ile akaishika Rashidi Kawawa, na nchi haikuanguka. Basi hata jumuiya yetu haitaanguka tukimwachia kijana daftari la mahudhurio.

Tunawasihi basi viongozi wote: kabla juma halijaanza, tuandike kwanza saa ya sala, kisha mgonjwa mmoja wa kumtembelea, kisha jioni moja ya familia. Vikao vifuate baada ya hayo, navyo vifungwe kwa saa iliyotangazwa. Likitokea la dharura, kama vile msiba au mtu anayekaribia kufa, ratiba na ivunjwe bila manung'uniko, kwa maana wakati tumepewa kwa ajili ya watu.

Siku moja Bwana atatudai hesabu ya uwakili wetu. Hatatuuliza tulihudhuria vikao vingapi, bali ni nani kati ya wadogo wake alitungoja tusifike.

Mungu awabariki nyote.