Langoni kuna bunduki, ndani je?

Baada ya magaidi kuua watu 17 katika mashambulizi dhidi ya makanisa mawili mjini Garissa Julai 1, 2012, ulinzi wa waumini uliimarishwa, hata viongozi wa Kiislamu wakaahidi kusaidia. Askari wa langoni, hata hivyo, hamfai kitu mtoto, au mtu mwenye ulemavu wa akili, aliyenajisiwa na mtu anayeaminiwa ndani ya ua.

Kaskazini Mashariki kesi za aina hiyo zimezimwa mara nyingi kwa maslaha: wazee wa koo hupatana fidia, mwathiriwa haulizwi. Kanisa lisiwacheke. Kumsamehe kasisi faraghani, kisha kumhamishia parokia nyingine, ni maslaha yaliyovikwa joho. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 hakikumpa mzee wala askofu uwezo wa kusitisha kesi. Kilimwachia Mwanasheria Mkuu, na tangu Katiba ya 2010 mamlaka hayo ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma.